Mtumbwi wa Bibi Haukuzama

Rafiki yangu, kaa vizuri kabla sijaanza, maana hasira niliyonayo haienei kwenye kiti kimoja. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Geita mjini kwenye harusi ya mwenzake wa kazini. Harusi ilifanyika kwenye hoteli mpya yenye vioo vingi mno, ukikohoa unajiona unakohoa pande zote. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya, nimeacha kula tangu asubuhi kwa heshima ya maharusi. Nikapanga foleni ya chakula, sahani mkononi, nikapita wali, nikapita kuku, na mwisho wa foleni, mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka meza, nikakuta mtumbwi.

Ndani ya mtumbwi wamepanga matikiti. Matikiti, mananasi, maembe yaliyokatwa mithili ya vidole vya mtoto, yote yamelazwa juu ya karatasi za kung'aa. Mbao wamezipaka vanishi mpaka zinameremeta kuliko viatu vya askari siku ya gwaride. Watu wanachota matunda, wanapiga picha, wanacheka. Mimi nikasimama. Nyuma yangu mama mmoja akaniambia shikamoo bibi, tunaomba usogee. Nikamwitikia marahaba na sikusogea.

Ulikuwa mtumbwi wa kushona, si wa misumari. Siku hizi hata wavuvi wenyewe ukiwaambia kwamba zamani mbao za mtumbwi zilishonwa kwa nyuzi wanadhani umri umekupanda kichwani. Nikapitisha mkono kwenye pua yake, chini ya ubao wa juu, nikafuata mishono kwa kidole. Yote ilikuwa imelalia upande mmoja, imejipanga vizuri. Halafu nikaufikia wa mwisho, na wa mwisho ulikuwa umelala kinyume. Sahani ikanitoka. Mshono ule niliushona mimi.

Na hapo ndipo nilipokiona kibao. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, shule ya jioni, chini ya taa ya karabai, na anayejifunza hivyo hupata ugonjwa wa kusoma kila kitu: nasoma magunia, nasoma migongo ya malori, nasoma hata karatasi ya vitumbua kabla sijala vitumbua. Kibao kilisema: Ngalawa ya asili. Ngalawa! Ngalawa ni ya baharini, ina mbawa za kuizuia isipinduke, na toka lini ikapanda treni kuja kwetu? Lakini hilo ningewasamehe. Chini yake waliandika jina la mwenyewe, eti mvuvi mashuhuri wa Geita. Lilikuwa jina la babu mdogo, mdogo wake marehemu babu yangu. Sitalitaja hapa. Limetajwa vya kutosha mahali lisipostahili.

Basi nikueleze mtumbwi ule ulikuwa wa nani.

Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga, na mgodi wa wazungu pale Geita ulikuwa unaunguruma. Upepo ukitoka milimani tulizisikia mashine zake zikitafuna mawe, na bibi alikuwa anasema yule naye ana meno, hajapata tu chakula cha maana. Tulikaa ufukweni, upande unaokitazama kisiwa cha Kome. Wazazi wangu walikuwa Shinyanga kwenye pamba, mimi nikaachwa kwa bibi mzaa baba, na sikumbuki kama niliwahi kuwalilia, maana kwa bibi kulikuwa na chakula. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga mpaka mchuzi wake unashika midomo. Mchana tulikula sato. Sangara walikuwa hawajaja kututawala, na sato wa wakati ule ukimlaza kwenye chungu, mkia wake unapiga hodi kwa jirani. Harufu ya udaga, ile mihogo iliyovundikwa, unaoanikwa juu ya mawe, moshi wa samaki, matete yakisuguana; nikifumba macho sasa hivi navipata vyote, hata yule jogoo wetu mwehu aliyewika saa za chakula.

Bibi alikuwa mjane. Babu alipokufa kwa homa aliacha nyumba, migomba, na mtumbwi. Kwenye nyumba na migomba hakuna aliyesema neno. Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa ufukweni, misimu mingi hauguswi, mbuzi wanalala chini yake, kuku wanatagia humo, na nyuzi zake zimeoza. Bibi alikuwa anautazama kila akienda kuchota maji. Kazi yake ilikuwa kupeleka udaga na michembe ng'ambo ya ghuba, mahali malori ya mgodi yalipokuja kuchukua chakula cha vibarua. Kwa mtumbwi ilikuwa safari ya asubuhi moja. Kwa miguu unaizunguka ghuba yote na mzigo kichwani, na bibi alikuwa akirudi shingo imezama mabegani nikidhani safari ijayo atarudi hana shingo kabisa.

Siku alipotamka kwamba atautengeneza, babu mdogo alikuja kwetu kabla hata uji haujapoa. Alikuwa mwembamba, ana kanzu moja nyeupe na kicheko kimoja cheusi, na vyote viwili alikuwa anavivaa kila siku. Akasema mtumbwi umekufa, mbao zake anazitaka yeye kwa milango ya nyumba yake mpya. Akaongeza kwamba, hata kama haujakufa, mwanamke hamiliki mtumbwi, tangu lini. Bibi alimwambia mti wa mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, ni mvule uliokatwa kwenye shamba la baba yake mzazi, na baba yake aliutoa kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya milango ya mtu. Wakapelekana kwa mkuu wa mwalo.

Mwalo ndipo mitumbwi inapofikia na samaki wanapouzwa, na mkuu wake ndiye anayeamua magomvi ya hapo. Huyu wetu alikuwa ameletwa kutoka huko bara ya Usukuma, kwenye mnada wa ng'ombe. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Ng'ombe alikuwa anawajua mpaka ndoto zao, lakini ziwa alilisimamia kwa mbali kama vile linaweza kumpiga teke. Akawasikiliza, akakuna kidevu, akaamua: kabla ya mvua za vuli, bibi auvushe mtumbwi ghuba yote na kurudi na mzigo. Akiweza, ni wake. Ukizama, ni wa ukoo, na msemaji wa ukoo ni babu mdogo. Babu mdogo alicheka kile kicheko chake akakubali papo hapo. Nadhani usiku huo alipima milango.

Bibi akamleta fundi kutoka Ukerewe. Ee Mungu, yule fundi! Alikuwa mnene, ana sauti ya ngoma, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna kitu kinachoelea kwenye ziwa lile ambacho hakukishona yeye, bata wakiwemo. Alikula kama watu wa msiba. Asubuhi kabla ya kugusa kazi ilikuwa uji wa maziwa, tena mzito, la sivyo mkono unatetemeka. Lakini mkono ukishatulia ulikuwa mkono. Alikata nyuzi zote zilizooza, akaufungua mtumbwi ubao kwa ubao kama mtu anayemvua mgonjwa nguo, akazilaza mbao mchangani, akazigongagonga akisikiliza. Ubao mmoja wa chini ukasema umeoza, tukatafuta mwingine. Akatoboa matundu kwa chuma cha moto, moshi wake mtamu ukawa unaingia mpaka kwenye ugali. Sisi wengine tulitengeneza nyuzi za ukindu, unaloweka, unaponda, unasokota juu ya paja mpaka paja linawaka. Paja langu la kulia bado lina upara, ukitaka nitakuonyesha.

Aliyeponda zaidi ni jirani yetu, Msukuma wa Shinyanga, mke wa kibarua wa mgodi. Alikuwa na mikono ya kutwangia, na ulimi wa kutwangia pia. Yeye na bibi, Mzinza wa ufukweni, walitaniana kutwa.

"Wewe Mzinza," aliuliza siku moja, amenyanyua ubao wenye matundu anatutazama kupitia humo, "huu ni mtumbwi au ni chekeche?"

"Ni chekeche. Ndiyo maana nimekuita wewe, Msukuma na tope mnajuana. Ziba."

Akaziba. Kila penye mwanya baina ya mbao zilikandamizwa nyuzi za migomba zilizopondwa, kazi ambayo mafundi wanaiita kalafati, na jirani alikandamiza huku akiimba nyimbo za kulimia pamba, kana kwamba mtumbwi una magugu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lote. Desturi ya mafundi wale ilikuwa kwamba mshono wa mwisho, ule wa puani, haushonwi na fundi. Unashonwa na mwenye mtumbwi. Fundi anaweka uzi, anasogea pembeni, anafunga mdomo, na kwa fundi wetu hilo la mwisho ndilo lilikuwa kazi. Siku hiyo watu walikuja, na babu mdogo naye akaja na kanzu yake, akasimama mikono nyuma. Bibi aliupokea uzi. Akamtazama babu mdogo kwa kitambo. Halafu akanigeukia mimi, nimekaa juu ya kinu natafuna muwa, akaniwekea uzi mkononi.

"Shona. Mimi ni mzee, nitaondoka. Wewe ndiye mwenyewe."

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipigwa kwa ajili yake, nikasemwa kwa ajili yake, na hadi leo nakata vitunguu kwa mkono huo huo. Nikaupitisha uzi kwa namna niliyoijua, nikaukaza kwa meno, na mshono ukalala kinyume na wenzake wote. Fundi akapiga kelele kwamba kazi yake imetiwa doa, utolewe urudiwe. Babu mdogo akasema mtoto wa kike, tena kwa mkono wa kushoto, mtumbwi umeshalaaniwa. Bibi akasema uachwe hivyo hivyo. Ukaachwa.

Mtumbwi ukapakwa udongo mwekundu, ukapendeza, ungeweza kuuposa. Lakini mbao zilikuwa zimekaa juani muda mrefu, na ubao mpya ulikuwa mkavu kama mkate wa wiki iliyopita. Mtumbwi wa kushona hauendi safari hivyo. Unauingiza kwenye maji mafupi, karibu na matete, unaujaza mawe, unauzamisha wote mpaka kingo zinapotea. Unaulaza hapo. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana, nyuzi zinakaza, na ukiutoa hauvuji. Kila mvuvi wa ziwa letu alijua hivyo. Mtoto anayetambaa alijua hivyo. Fundi aliulaza, akamwambia bibi ana kiu huyu, mwacheni anywe, akaenda zake kwenye msiba kwa nduguze, mahali ambapo bila shaka walijuta kumwita.

Asubuhi moja mimi na bibi tulikuwa shambani tunachimba mihogo tukasikia kelele za mwaloni. Tulipofika jua lilikuwa kichwani. Mtumbwi wetu ulikuwa mchangani, umelala ubavu, unakauka. Mawe yetu yalikuwa yametupwa huku na huku. Pembeni yake alikuwepo babu mdogo na vijana wake wamelowa, na mbele yao mkuu wa mwalo amekunja suruali mpaka magotini, ingawa maji yalikuwa mbali naye.

Babu mdogo alikuwa ameshamweleza. Alisema amepita kwa bahati akaukuta mtumbwi wa marehemu kaka yake chini ya maji, umezama hata kabla ya kutoka kwenye matete, akaingia kuuokoa kwa roho yake. Na mkuu, mtu wa mnada, alifanya hukumu aliyoijua: mnyama akianguka mtoni, anayemtoa ana haki juu yake. Isitoshe, masharti yalikuwa wazi. Ukizama ni wa ukoo. Ameuona kwa macho yake, ulikuwa chini.

"Haukuzama, mheshimiwa," bibi alisema. "Ulikuwa unakunywa."

"Mbao zinakunywa, mama?"

Watu walicheka. Na hapa, rafiki yangu, ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Simhesabu babu mdogo, yeye alikuwa na tamaa na tamaa naielewa. Ila mwalo ule ulikuwa umejaa wavuvi. Watu wazima, wenye ndevu, waliozaliwa juu ya maji, ambao mitumbwi yao wenyewe wakati ule ule ilikuwa imelala chini ya maji na mawe ndani, upande wa pili wa matete, ukirusha jiwe unaipata. Walijua. Wote walijua. Bibi aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja akapata kitu cha kutazama, huyu nyavu, yule mawingu, mwingine kucha zake. Walikuwa tayari kumwacha yule bwana wa ng'ombe aonekane mjinga mbele ya ziwa zima, kuliko mwanamke mmoja awe na mtumbwi mwaloni kwao.

Jirani alifungua kinywa. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Mvua bado," alimwambia mkuu. "Siku zangu hazijaisha. Navuka leo. Sasa hivi, na hivi hivi ulivyo."

Mkuu akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtumbwi umefunguka, hata yeye anaona mwanga unapita kwenye mbao. Bibi akasema anauona mwanga huo vizuri zaidi. Babu mdogo akasema mwacheni avuke, na akawaambia vijana wake wakae karibu, watakuwa na kazi ya kuokoa tena.

Tukaingia watatu. Bibi nyuma na kafi. Jirani katikati na kafi la kuazima, hajawahi kupanda mtumbwi maisha yake yote, amekaa kama mtu aliyepandishwa juu ya dume la ng'ombe. Mimi mbele na kibuyu cha kukumba maji. Kufika kwenye matete tu, maji yalikuwa vifundoni. Yaliingia kila mahali. Yaliingia kwa kushoto, kwa kulia, mengine nadhani yalitoka juu. Samaki waliingia, wakatuona tulivyo, wakatoka. Nilikumba mpaka mikono ikawa si yangu. Jirani alikuwa anapiga kafi na kusali kwa Kisukuma, na kila akimaliza sala anamwambia bibi akifa leo atarudi kumsumbua usiku na mchana, wala hatabisha hodi.

"Piga kafi," bibi alimjibu. "Utanisumbua tukishafika."

Nyuma yetu kicheko cha mwaloni kilisikika mpaka tulipokuwa mbali. Kisha kikakoma, na hilo ndilo lililonitisha, maana watu wakiacha kucheka wanakuwa wameanza kukuhurumia. Bibi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama maji ndani ya mtumbwi, alivyokuwa anatazama maziwa jikoni yasifure.

Tulifika ng'ambo tumelowa kuliko samaki. Mhindi wa duka la pale ufukweni alitoka mbio na blanketi, akidhani tumeokolewa. Bibi alimwamkia vizuri, akamwambia hatukuokolewa, tumekuja dukani. Anataka mzigo wa kurudi nao. Mhindi akamwonyesha sabuni, akamwonyesha mitungi ya mafuta, vitu ambavyo maji hayavidhuru. Bibi akasema anataka gunia la chumvi. Yule bwana akautazama mtumbwi, akamtazama bibi, akamuuliza kwa heshima zote kama ana akili. Bibi akamjibu kwamba akili anayo, kinachokosekana nyumbani ni chumvi.

Wakati huo sikuelewa. Nilielewa tulipoanza kurudi, mtumbwi tumeshaukumba mkavu. Nilikaa na kibuyu changu tayari, nikangoja maji. Yakaja kidogo. Nikakumba, nikangoja tena, yakaja pungufu ya hapo. Jirani akaacha kusali. Mtumbwi ulikuwa unalia chini yetu, sauti ndogo ndogo, kwi, kwi, kama mlango unaojifunga wenyewe, mbao zikibanana, nyuzi zikikaza. Yale maji yote tuliyoyalaani wakati wa kwenda ndiyo yaliyokuwa yanautengeneza. Ulikuwa umekunywa safari nzima, na sasa ulikuwa umeshiba. Katikati ya ghuba bibi akaanza kuimba, kwa sauti ndogo, na jirani akadakia kwa wimbo mwingine kabisa, na nyimbo zikaenda pamoja vizuri tu.

Mwaloni hawakucheka. Gunia lilibebwa mpaka miguuni kwa mkuu wa mwalo, likafunguliwa. Mkuu akatia mkono chini kabisa, kwenye pembe ya gunia iliyokuwa imekalia mkuku, akautoa umejaa chumvi nyeupe inayomwagika kama mchanga. Akaonja. Akaonja tena, sijui kwa nini, labda alikuwa na njaa.

"Ni kavu," alisema.

"Ulikuwa unakunywa tu, mheshimiwa."

Mkuu aliitazama chumvi kwenye kiganja chake. Kisha akawageukia wavuvi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Mlikuwa mnajua. Kwa nini hamkuniambia?"

Wakarudi kwenye nyavu, mawingu na kucha zao. Babu mdogo alikuwa tayari ameondoka, kanzu inaonekana ikipanda kilima. Fundi aliporudi kutoka msibani na kusimuliwa alisema alijua tangu mwanzo itakuwa hivyo, akaomba uji.

Miaka iliyofuata mtumbwi ule ulivuka ghuba mpaka ukaijua njia, ungeweza kuutuma peke yake. Tulipeleka udaga, michembe, ndizi, kuku waliokuwa wanatapika njiani, tukarudi na chumvi, vitambaa na habari za mgodini. Na mwanamke mwingine akaweka mtumbwi mwaloni, na mwingine. Kila kiangazi tulipoulaza wetu unywe, mkuu wa mwalo alikuja mwenyewe, anasimama hatua zake za usalama, anawaambia wapita njia msiuguse, unakunywa huo.

Halafu mambo yakaenda kama yanavyoenda. Mimi nikaolewa Kahama, Nyasubi, mbali na maji, mji wa vumbi na biashara. Bibi akafa. Nilipokwenda kuuliza mtumbwi niliambiwa na watoto wa babu mdogo kwamba umeoza, wamechomea samaki. Nikalia, nikaamini. Kumbe walikuwa wameuficha ghalani, na wajukuu wakauuza hotelini pamoja na hadithi ya babu yao, mvuvi mashuhuri, mtu ambaye nakuapia alikuwa akiona wimbi anashika ukuta.

Basi pale harusini nilimwita meneja. Akaja kijana mzuri, ana tai, ana adabu. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, foleni ikiwa imenizunguka na wali unapoa. Nikamshika mkono nikauweka juu ya mshono wangu. Akaupapasa, akatabasamu, akasema bibi, haya ni mapambo tu, ila jambo lako nimelipokea, tutalifanyia kazi. Umewahi kusikia maneno hayo? Basi unajua kibao kitakaa pale mpaka vioo vyote vianguke.

Hakuna tena mtu wa kushona mtumbwi kule kwetu, nimeuliza. Ukindu unasukiwa mikeka ya wageni. Matete ya mwalo wetu yamefyekwa, na vijana wanapita na injini wanaacha mafuta juu ya maji ambayo bibi alikuwa anayachota kwa kunywa. Hayo nayavumilia, dunia haikuniuliza. Lakini niliutazama mtumbwi ule chini ya taa za hoteli, vanishi inang'aa juu, na kwenye mbao, humo ndani chini ya matikiti, niliona mwanga unapita.

Karibu na pale kulikuwa na ndoo ya mhudumu wa usafi, imejaa, maji safi. Nikaibeba. Usiniulize niliibebaje kwa umri huu, hasira ina misuli yake. Nikaimimina yote mtumbwini, kuanzia puani hadi nyuma. Nanasi likaelea. Matikiti yakaanza safari. Maji yakapita kwenye kila mwanya, yakatambaa kwenye vigae hadi kwenye viatu vya bwana harusi, isipokuwa pale puani kwenye mshono wangu wa kushoto, pale halikupita hata tone, na anayebisha akaangalie.

Mjukuu wangu alijifunika uso. Mlinzi akaja mbio, kijana mkubwa, akasimama mbele yangu hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Unakunywa huo, usiuguse," nikamwambia. "Niletee ndoo nyingine."